Tweka: shajara ya sanamu ya bustanini, Tanga

9 Januari

Kibali kimetoka. Tumepewa duara la mita 6 kati ya mwarobaini na ukingo wa bustani, pale ambapo ukisimama unaiona bandari yote na Kisiwa cha Toten kimekaa mbele yako. Masharti ni mawili: mizizi ya mwarobaini isikatwe, na kitu chenyewe kisizidi mita 5 kwenda juu. Sina ugomvi na hayo.

Kwa atakayesoma na hakuwepo tangu mwanzo: tunatengeneza sanamu shirikishi, ambayo mtu asipoigusa haifanyi kitu. Ni matanga matatu ya chombo, kila moja na mlingoti wake na foromali yake (ule mti wa juu unaobeba tanga), yametuliwa chini. Ukivuta kamba tanga linapanda, ukiachia linashuka. Ni hayo tu, na hayo tu yametukalisha kwenye karatasi miezi saba. Tuko watatu. Mimi ndiye mchoraji. Kuna fundi wa kuchomelea mwenye karakana Ngamiani, na binti wa chuo cha ufundi ambaye hesabu zote zinapita kwake, kwa sababu mimi na fundi tukihesabu tunagombana.

11 Januari

Naandika mawazo tuliyoyatupa, maana najua kuna siku mtu atayaleta tena kwa sura mpya.

La kwanza lilikuwa la sensa na spika: mtu akipita, sanamu iimbe. Nililipenda hadi siku niliyofungua redio yangu ya zamani, iliyokaa miaka miwili dirishani upande wa baharini. Kila waya wa shaba ndani ulikuwa umeota unga wa kijani. Redio ya ndani ya nyumba ikiwa hivyo, spika ya nje haina maisha. Tangu hapo hakuna umeme katika mradi huu.

La pili tulilinyemelea Kroatia. Mjini Zadar, mwaka 2005, msanifu majengo Nikola Bašić alijenga ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini, na ndani ya ngazi akaweka mabomba 35. Wimbi likiingia linasukuma hewa, hewa inalia, watu wamekaa juu wanasikiliza. Nasi tukataka ukingo wa bandari ulie. Binti akauliza swali moja tu: kule maji yanapanda na kushuka kiasi gani? Upande ule wa bahari ya Adriatic, kupwa na kujaa hata nusu mita hakufiki. Kwetu maji ya bamvua, yale makubwa, yanapita mita 3. Bomba ukiliweka chini linazama, ukiliweka juu linakaa kavu likisubiri. Tungepata kinanda cha kulia saa mbili kwa siku, na siku nyingine saa mbili zenyewe zikiwa za usiku wa manane.

Tukaacha. Ila ile hewa ya kusukumwa bombani haikunitoka kichwani.

20 Januari

Nilikwenda Sahare kumwona mzee mmoja fundi wa mashua, nijifunze tanga linavyofungwa kweli na si linavyochorwa kwenye khanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu, vuta kigogo hicho ukae."

Nikampa mchoro. Akautazama, akaugeuza juu chini, akautazama tena.

"Yaitwaje hii?"

"Matanga Matatu, mzee."

Alicheka mpaka akakohoa. "Matanga matatu! Kafa nani? Na mmeyaelekeza Toten?"

Jina hilo nililikalia miezi saba bila kulisikia. Toten ni Kijerumani, maana yake wafu, na kisiwani kwenyewe mna makaburi na magofu ya misikiti. Nilikuwa naualika mji mzima msibani, siku tatu kamili, mkabala na kisiwa cha wafu.

Akaniuliza kama sanamu yangu ina macho. Nikamwambia haina. "Basi usiite sanamu. Ukiita sanamu kuna watu watapita mbali nayo, na hawana makosa. Hicho ni chombo. Haya, tanga lafanywa nini?"

"Linapandishwa."

"Linatwekwa, mwanangu. Nyie wa mjini ndio mwapandisha, mwapandisha bei."

Nimerudi na jina: Tweka. Jina linalomwambia mtu afanye nini, tena kwa neno moja. (Humu kwenye shajara nitaendelea kuandika sanamu, kwa uvivu tu.)

2 Februari

Zege limemwagwa, mashimo matatu ya kina cha mita 1.2. Mizizi iko salama.

14 Februari

Leo karakana ilijaa watu, kila mpita njia ana ushauri.

Tanga la kwanza limekamilika: fremu ya bomba la nusu inchi, na juu yake vibati 312 tulivyokata kwenye sufuria na mifuniko chakavu ya alumini. Kila kibati kimening'inia kwa kipete cha waya wa stenlesi, upepo ukipita vinageukageuka kama magamba ya samaki aliyetoka majini sasa hivi. Ukisogea karibu bado unaona mikwaruzo ya miiko, na kimoja kina herufi mbili zilizogongwa kwa msumari, alama ya mwenye sufuria ili isipotee shughulini. Nimekipanga usawa wa macho.

Tanga zima lina kilo 24. Tulilitweka sisi wakubwa kwa kapi moja juu, likapanda bila shida. Kisha tukamwita mtoto wa fundi, miaka 7, kilo 21, avute. Akavuta, hakuna kitu. Akaning'inia na miguu, hakuna kitu. Tukalisukuma tanga mpaka juu kwa mikono, mtoto akashika ncha ya kamba, baba yake akafungua kizuizi. Tanga likashuka, mtoto akapanda. Alifika usawa wa kichwa changu, anacheka. Mama yake alikuwa mlangoni na yeye hakucheka.

Kapi la pili la kutembea lingepunguza uzito nusu, lakini kamba ya kuvuta ingekuwa ndefu mara mbili. Kamba ndefu inayolala chini mahali pa watoto siitaki, kwa sababu ya shingo. Kwa hiyo jibu ni jiwe: uzito wa kilo 18 upande wa pili wa kamba ya juu, unaoshuka tanga linapopanda. Mvutaji anabakiwa na kilo 6 na msuguano. Na jiwe lisionekane wala lisimponde mtu, litembee ndani ya mlingoti wenyewe, ambao ni bomba la inchi 6.

3 Machi

Siku bora ya mradi hadi sasa, na naiandika kirefu kwa sababu hiyo.

Tatizo lilikuwa kasi. Jiwe na tanga vinakaribiana uzito, lakini mtu mzima akivuta kwa nguvu tanga linaruka juu na kugonga kapi, akiachia ghafla linaanguka. Nilikuwa nimeanza kuchora breki ya kitovu cha baiskeli. Fundi alikuwa amekaa pembeni anajaza upepo tairi la mteja. Akasimama, akafungua pampu, akatoa ile ngozi ya duara ya mwisho wa mti, akanionyesha kwenye kiganja. "Si hii?"

Ndiyo hii. Jiwe likivishwa ngozi inayobana kuta za mlingoti, haliwezi kushuka isipokuwa hewa iliyo chini yake itoke. Ukiamua ukubwa wa tundu, umeamua kasi. Breki haina waya, haina springi, haina cha kuibwa.

Binti akapiga hesabu chini kwa chaki: kipenyo sentimita 15, jiwe linatembea mita 2, hewa ni lita 35. Kisha akanyamaza, akasema lita 35 ni nyingi kuziachia hivi hivi. Akachukua bomba la plastiki, akalichonga mdomo wa filimbi, akaliziba ncha ya pili, akalichomeka tunduni. Fundi akavuta kamba.

Sijui niielezeje ile sauti. Siwa ya harusi ikipulizwa nyumba ya tatu. Muuza chipsi wa ng'ambo ya barabara alitoka nje kutazama.

Kwa hiyo kila mlingoti utakuwa na filimbi yake chini, ya sentimita 40, 50 na 60, zote zimezibwa ncha moja. Kwa hewa yetu ya nyuzi 30 hesabu inasema mitetemo kama 218, 175 na 145 kwa sekunde. Sikio la fundi linasema mbili za mwanzo zinapendana na ya tatu ni mkwe.

Kisha tukaachia kamba, na tanga likaanguka kama mlango wa duka. Mshtuko, halafu aibu: ngozi ya pampu inabana upande mmoja tu. Ukisukuma inatanuka, ukirudisha inajikunja na kupitisha hewa, ndiyo kazi yake. Tumeagiza kwa fundi viatu ngozi mbili kwa kila jiwe, moja imetazama chini na moja juu. Jioni tulijaribu na za muda. Likipanda linalia, likishuka linavuta pumzi taratibu, sekunde 9.

28 Machi

Milingoti imesimama. Masika yametukuta na boliti nne za mwisho, tumezifunga chini ya turubai.

6 Aprili

Imefunguliwa jana. Watu walikuja wengi, na hakuna aliyegusa.

Nilikaa kwenye nyasi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10. Walizunguka, walipiga picha, walisoma neno TWEKA kwenye mlingoti kwa sauti. Kijana mmoja alimweleza mchumba wake kwamba ni kifupi cha jina la mfadhili. Mama mmoja aliniuliza kwa heshima kabisa, "Samahani kaka, inalipiwa shilingi ngapi?" Nilipomwambia ni bure, alirudisha mkono nyuma kama aliyeambiwa ni moto. Watoto ndio waliojaribu kusogea, na mlinzi akawafukuza kwa filimbi yake. Nilimwendea. Akasema, "Mzee, mimi nimezoea kazi. Kitu kipya kikiwekwa bustanini, kazi yangu kisiguswe." Hakuniudhi hata kidogo. Maisha yetu yote tumesomeshwa na vibao vya usikanyage, usikae, usiguse, halafu mimi naja na neno moja la mabaharia.

Binti anataka kibao cha maelekezo. Nimekataa. Sanamu ya kuguswa ikihitaji barua ya kukuruhusu uiguse, imeshindwa.

9 Aprili

Nimehamisha benchi. Lilikuwa mita 4 kutoka mlingoti wa kati, sasa liko chini yake kabisa, na ncha ya henza, yaani kamba ya kutwekea, yenye kishikio cha mti wa mkoko, inaning'inia mbele ya kifua cha anayekaa. Nimefungua fundo lililoishikilia mlingotini, iyumbe na upepo.

Dakika 11. Mzee mwenye kofia ya kiua alikuja kukaa, kamba ikampiga begani, akaishika kuisogeza, ikashuka kidogo mkononi mwake, na juu ya kichwa chake vibati 312 vikaamka. Akatazama juu. Akavuta tena, makusudi. Filimbi ilipolia akaangalia huku na huku kama mtoto aliyevunja kikombe, kisha akavuta mpaka mwisho.

Baada yake foleni. Muuza kahawa amehamia na dele lake na kashata zake karibu na benchi, na kufikia jioni alikuwa anaeleza watu mambo ya lita 35 ambayo sikumbuki kumweleza.

Ila jina langu halijashika. Watoto wanasema "twende kwenye honi".

18 Aprili

Kamba. Nilishikilia henza iwe ya mkonge, kiburi cha mji tu. Mkonge uliingia pwani hii mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida ikafika hai 62, na kwenye hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyotufanya tujulikane duniani. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000. Unajengaje chombo Tanga ukifunge kwa nailoni?

Usiku wa kuamkia leo mvua ilinyesha hadi alfajiri, mkonge ukanywa maji, ukavimba, ukabana kwenye kapi. Tanga la kati limekwama katikati, halipandi wala halishuki. Saa 2 asubuhi muuza kahawa ananipigia simu: "Kaka, njoo haraka. Lako limekwama nusu mlingoti, na watu watatu wameshaniuliza kafa kiongozi gani."

Mzee wa Sahare akisikia hii sitapumua.

Tumebadilisha makapi, mfereji sasa ni mpana wa kamba iliyolowa. Mkonge unabaki. Nailoni inaunguza kiganja ukiachia ghafla, mkonge unashika mkono. Utabadilishwa kila miezi minne.

10 Mei

Unga mweupe. Kila kipete cha stenlesi kinapogusa alumini, tundu la kibati limezungukwa na unga mweupe kama chumvi ya mezani, na vibati vitatu vimeshaanguka. Metali mbili tofauti na maji ya chumvi kati yake ni betri, na alumini ndiyo inayolika. Hili nililijua, nikaamini mvua itaosha. Mvua haikuosha kitu. Kosa ni langu, naliandika.

Tunavua matanga yote. Kila kipete kitavishwa ganda la plastiki lililovuliwa kwenye waya wa umeme, tundu lipanuliwe lipishe ganda. Vibati 312 mara tatu ni 936. Wanafunzi wenzake binti wamekuja sita, tunakata maganda kwa mkasi na kusikiliza taarabu. Siku nne.

30 Mei

Nyuki.

Masika yameisha, miti imechanua, na kundi la nyuki lililohama lilitafuta nyumba kavu yenye mlango mdogo. Likaona mdomo wa filimbi ya mlingoti wa kwanza. Jana jioni mtoto alivuta henza, badala ya honi mlingoti ukanguruma, akaachia akakimbia. Hakuumwa. Aliyeumwa ni mlinzi, mara mbili, kwa sababu alikwenda kuchungulia.

Huu ni mji ambao nyuki wameingia vitabuni. Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa jeshi kutoka India, wakapigwa na askari wa kamanda wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, na nyuki waliovurugwa na risasi wakaumaliza mchezo. Hata wenyewe wanaikumbuka kama vita ya nyuki. Kwa hiyo hakuna aliyenishangaa nilipofunga eneo kwa kamba. Walionishangaa ni nilipokataa dawa ya kupuliza. Bomba lililojaa nyuki wafu na asali iliyooza lingeua ngozi zangu zote.

Mfugaji nyuki amekuja usiku kutoka Muheza na mzinga na moshi wa makumbi. Alipiga mlingoti kwa kidole kama daktari anayegonga kifua, akasikiliza, akasema malkia yuko hapa. Kufikia saa 8 usiku wengi walikuwa mzingani. Hakutaka pesa, alitaka nyuki.

Filimbi zote tatu sasa zina chujio la chai mdomoni.

19 Julai

Kusi la leo lina nguvu, matanga yanamemeteka hata yakiwa chini. Mzee wa Sahare amekuja mwenyewe, na kanzu, baada ya sala ya alasiri. Nilimwalika mara tano.

Hakukaa kwenye benchi. Alizunguka milingoti yote mitatu, akagusa foromali, akashika henza ya kwanza. Sisi huvuta kwa kishikio, kuelekea chini, mivuto saba. Yeye aliruka kishikio, akashika kamba juu, mkono juu ya mkono, mwili ukilala nyuma, na kwa mivuto mitatu tanga lilikuwa kileleni, honi inalia bila kukatika. Watoto waliokuwa wanasubiri zamu walinyamaza. Mmoja amekwisha kuiga mtindo wake, nimemwona.

"Fundo hili nani kafunga?"

"Mimi, mzee."

Akalifungua, akafunga lake, akanifanya nilifungue na kulifunga mara nne. Akatweka la pili, kimya. Akatweka la tatu, akainamisha sikio.

"Huyu mbona akohoa?"

Kweli lilikuwa linakohoa. Ngozi ya mlingoti wa tatu imekauka na hewa inavuja pembeni. Nikamweleza kwamba tunatia grisi, na grisi inashika vumbi na chumvi inakuwa ugoro.

"Mpe sifa," akasema.

Nikaanza kumsifu mlingoti, kwamba kusema kweli umefanya kazi nzuri kuliko ile miwili, na mzee akanitazama kwa huruma. "Sifa, mwanangu. Mafuta ya papa, yanayopakwa vyombo. Ngozi ikinywa yale haikauki. Njoo nyumbani nikupe."

Kesho asubuhi nakwenda Sahare na chupa ya nusu lita. Muuza kahawa ameshanusa habari hiyo, amesema siku ya kupaka anahamishia dele lake upande wa juu wa upepo, na kwamba ningemwambia mapema.